Mtego na Wajibu wa Mwenye Kuutega

Katika mwaka 2005, katika konde la mahindi lililopakana na msitu wa Mlima Rungwe, mtego uliotegwa na mkulima kwa ajili ya wanyama waharibifu ulimwua kima mmoja dume, ambaye hajatimiza ukubwa wake, mwenye manyoya marefu ya hudhurungi na kishungi kipana utosini. Mzoga wa kima yule, uliohifadhiwa na hatimaye kufikishwa katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, ndio uliowawezesha wataalamu kubainisha mwaka uliofuata kwamba mnyama huyu, ambaye wenyeji wa milima ile walikuwa wakimwita kipunji, na ambaye wenye ilimu walikuwa hawajamjua ila kwa kumwona kwa mbali na kwa picha, ni wa jenasi mpya kabisa, wakaipa jina la Rungwecebus. Nayo ikawa jenasi mpya ya kwanza ya kima kutambuliwa barani Afrika tangu mwaka 1923.

Nimelitanguliza jambo hili, si kwa ajili ya fahari ya ugunduzi, bali kwa sababu ndani yake imo kasoro ya kwanza ya kila mtego. Mkulima yule hakumkusudia kipunji. Wala hakuwa na njia ya kumkusudia au ya kumwepusha, maana akisha kuutega mtego wake na kurejea nyumbani, hukumu yote aliiacha mikononi mwa kamba na mti, na kamba na mti havina macho. Wahenga walisema kwamba mtego wa panya huwanasa waliomo na wasiokuwamo, na sisi tumezoea kuitumia methali hiyo kwa watu waliopatwa na balaa isiyo yao. Lakini kabla ya kuwa methali juu ya wanadamu, maneno hayo yalikuwa ni habari ya kweli ya mtego wenyewe.

Swali ninalotaka kulipima katika safu hii ni hili: je, yumkini mtu kumnasa hayawani wa mwitu pasipo kumdhulumu? Nami nalipima nikiwa na kata ya Mawengi mbele ya macho yangu, katika wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, nchi ya Wapangwa, juu ya milima ya Livingstone inayoteremka upande wa magharibi hata Ziwa Nyasa. Huko asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali, watu hulima mahindi, maharage, ngano na viazi mviringo, na ng'ombe wa maziwa ni mali ya kuheshimiwa. Na huko pia, kama ilivyo popote mashamba yalipokutana na msitu na mabonde yenye vichaka, mkulima hana budi kugawana mavuno yake na wageni asiowaalika. Fuko humlia viazi kutoka chini ya ardhi, nungunungu humjia usiku, ngedere humjia mchana, na nguruwe pori huja kwa kundi, wakafukua kwa pua zao katika usiku mmoja yale yaliyopaliliwa kwa miezi. Mtu asemaye juu ya huruma kwa wanyama bila ya kuitaja kwanza hasara hii, maneno yake hayatasikilizwa Mawengi, wala hayastahili kusikilizwa; kwani njaa ya watoto nayo ni mateso, na mwenye kulilinda konde lake hafanyi ukatili kwa kulilinda tu.

Tuanze basi na vyombo vya zamani. Wasasi wa nchi zetu walikuwa na namna nyingi za kutega, lakini asili zake ni chache. Lilikuwako tanzi, yaani kitanzi cha kamba ya gome la mti au ya katani, lililofungwa kwenye ufito wa kunyumbulika uliopindwa hata chini na kushikwa na kifyatuo kidogo, ambacho mnyama akikigusa ufito hufyatuka na kamba ikamkaza mguu au shingo. Lilikuwako rima, shimo refu lililofunikwa kwa vijiti na majani katika njia ya wanyama. Ulikuwako mtego wa gogo, ambao humwangukia mnyama akivuta chambo. Zilikuwako nyavu, ambazo watu huwaswagia wanyama ndani yake kwa kelele na mbwa; na tundu, ambalo mlango wake hujifunga nyuma ya mnyama aliyeingia akiwa mzima.

Sitaki kuwapamba wazee kwa sifa ambazo wao wenyewe hawakuzidai. Mtu akivunjika miguu yote miwili hafarijiki kwa kuambiwa kwamba shimo alilotumbukia ni la mila, na hayawani ni vivyo hivyo; mnyama aliyeanguka ndani ya rima lenye miti iliyochongwa alikufa kifo kibaya. Lakini mitego ile ilikuwa na mipaka mitatu, ambayo haikuwekwa na huruma, na hata hivyo ilifanya kazi ya huruma. Mpaka wa kwanza ulikuwa ni taabu: kusokota kamba njema na kuchagua ufito na kuchimba shimo ni kazi ya siku, kwa hiyo mtu hakuweza kuwa na mitego mingi kuliko aliyoweza kuizungukia. Mpaka wa pili ulikuwa ni kuoza: kamba ya gome iliyosahauliwa mvuani haimalizi masika mengi, na mtego ulioachwa na mwenyewe ulijifia wenyewe. Na mpaka wa tatu ulikuwa ni tumbo la mtegaji, kwani nyama iliyokaa mtegoni mpaka jua likapanda huvamiwa na siafu, au huchukuliwa na fisi na chui. Basi aliyetaka kitoweo alilazimika kufika alfajiri, na kwa kufika alfajiri aliyakatiza mateso ya mnyama, ijapokuwa hakuwa akiyafikiri.

Kisha ukaja uzi wa chuma. Uliingia kwa waya za simu na za nyua, ukaja kwa kebo za breki za baiskeli na za klachi za pikipiki, na kwa nyuzi zinazotolewa katika matairi makuukuu kwa kuyachoma moto. Na katika kuingia kwake ukaivunja mipaka yote mitatu kwa mpigo mmoja. Kitanzi cha waya hutengenezwa kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kwa hiyo mtu mmoja aweza kutega vitanzi vingi katika siku moja, zaidi ya vile atakavyoweza kuvikumbuka. Waya hauozi upesi, kwa hiyo kitanzi kilichosahauliwa huendelea kuua kwa miaka, bila ya mtu kula wala konde kulindwa. Na kwa kuwa gharama yake ni kama hakuna, mtegaji haoni hasara akikosa kurudi. Akipoteza kitanzi kimoja anavyo vingine. Fauka ya hayo, waya ni mwembamba, na nguvu zote za mnyama anayejivuta hukusanyika juu ya mstari mmoja mwembamba wa ngozi, ukakata ngozi, ukakata mishipa, ukafika mfupani. Na mnyama mwenye nguvu akiweza kuukata waya kutoka mtini, huenda nao mwilini, akawa anatembea na kidonda kinachozidi kukazwa kila siku.

Kule Serengeti, ambako nyumbu hupita kwa malaki, tangu mwaka 2017 shirika la wanyama la Frankfurt, pamoja na mamlaka ya hifadhi za taifa na makampuni ya utalii, limekuwa na vikosi visivyo na kazi ila kutafuta nyaya na kuzing'oa, navyo vimekwisha kuokota makumi ya maelfu. Lakini Serengeti ni uwanda, na jicho hufika mbali. Katika misitu ya nyanda za juu za kusini, ambamo ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi, nani atavihesabu vitanzi? Humo anaishi kipunji niliyemtaja; na humo pia anaishi minde, paa mkubwa mweusi asiyepatikana popote duniani ila katika misitu michache ya milima ya Tanzania, ambaye hupita katika njia zile zile zipitwazo na nguruwe, na kwa hiyo hunaswa na waya ule ule.

Hapa yafaa tusimame kidogo juu ya jambo ambalo dini zetu zililiona zamani kabla ya kuwako kwa sheria za wanyamapori. Kurani Tukufu, katika Sura ya Maida, inawaharimishia Waislamu mnyama aliyekufa kwa kusongwa koo, na aliyekufa kwa kupigwa, na kwa kuanguka, ila yule aliyewahiwa akiwa hai akachinjwa. Na kwa Wakristo, mitume walipokutana Yerusalemu kuamua ni mizigo ipi wapewe waamini wasio Wayahudi, katika mambo machache waliyoyachagua waliwakataza nyama ya mnyama aliyesongolewa. Wenye fikihi na wenye tafsiri watazieleza hekima za makatazo hayo kwa njia zao. Mimi naona ndani yake jambo moja la wazi, nalo ni kwamba namna ya kufa kwa mnyama haikuachwa iwe habari ya mnyama peke yake, bali ilifanywa kuwa habari ya yule atakayemla. Tena iko hadithi mashuhuri ya Mtume juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, aliyemfungia asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini, hata akafa. Kosa la mwanamke yule halikuwa ni kufunga mlango. Lilikuwa ni kufunga na kutorudi. Sijui maneno yanayomhusu mtegaji kwa karibu zaidi ya hayo.

Nchi za kaskazini, ambazo kwa karne nyingi ziliwanasa wanyama kwa ajili ya manyoya yao, zimejaribu kuupima ukatili wa mtego kwa saa na kwa hesabu. Uingereza iliukomesha mwaka 1958 ule mtego wa chuma wenye meno uumao mguu. Jumuiya ya Ulaya ikapiga marufuku mitego ya kuuma miguu tangu mwaka 1995. Na mwaka 1997 yakafikiwa mapatano baina ya Ulaya, Kanada na Urusi, yaliyoweka kanuni za mitego kwa wanyama 19. Katika mapatano hayo, mtego wa kuua hukubaliwa iwapo katika majaribio asilimia 80 ya wanyama hupotewa na fahamu kabla ya kupita sekunde 300, na kwa baadhi ya wanyama wadogo muda huo ni sekunde 120, na kwa mmoja wao sekunde 45. Na mtego wa kushika hukataliwa ukionekana kuvunja mifupa, kutegua viungo, kukata kano, au kumfanya mnyama ajing'ate mwenyewe. Watengenezaji nao wakajaribu kulifundisha tanzi adabu: wakalitia kizuizi lisikaze kupita kiasi, na kiungo cha kuzunguka lisijisokote, na Uingereza ikaamuru tangu mwaka 1981 kwamba tanzi lijikazalo lisiloregea ni haramu, na lolote lililoruhusiwa likaguliwe kila siku.

Hesabu hizi zina manufaa, lakini tusizichukue kama zilivyo. Katika wanyama wale 19 hamna hata mmoja wa kwetu. Hakuna aliyempima funo wala nungunungu, na chombo kilichosahihishwa kwa mnyama wa theluji hakiwi chema kwa kuvushwa bahari. Na la kuzingatiwa zaidi ni mwisho wa majaribio yale: Wales ilikataza matanzi yote mwaka 2023, na Skoti ikafuata mwaka 2024, kwa kuwa ilidhihirika kwamba tanzi hata likitiwa vizuizi vyote huendelea kunasa wasiokusudiwa, na kwamba amri ya kukagua kila siku ni rahisi kuandikwa na ni ngumu kusimamiwa. Kizuizi kilichotakiwa hasa hakikuwa cha kuwekwa kwenye waya. Kilikuwa ni cha kuwekwa kwa mtu.

Kwetu sheria ilifika kwa njia nyingine, na njia hiyo imeacha kovu. Amri ya uwindaji ya mwaka 1896, iliyotolewa na gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann, ilileta leseni. Na mkutano wa madola uliofanyika London mwaka 1900 ulitaka nyavu na marima ya Waafrika yakatazwe au yapunguzwe, ilhali bunduki ya mgeni iliyoua kwa ajili ya pembe na tamasha ilipewa cheti. Mtu wa nchi aliona kwamba kilichokatazwa si mauaji, bali ni mauaji yake yeye. Naye akaendelea kutega kwa siri. Na siri ndiyo iliyouharibu mtego kuliko yote, kwani mtegaji anayejificha haendi kukagua alfajiri njiani penye watu, hamfundishi mwanawe adabu za kazi hiyo mchana kweupe, wala hawezi kuonywa na mzee mwenziwe. Kazi iliyokuwa na ada zake ikawa ni kazi ya haraka na ya kukimbia.

Sheria yetu wenyewe, ile ya mwaka 1974 na iliyoifuata ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, imeshika katazo hilo: kutumia matanzi, mashimo na mitego kuwindia wanyamapori pasipo idhini ni kosa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ikaongeza kwamba kumtesa mnyama ni kosa kwa nafsi yake. Mimi naliunga mkono katazo hilo kwa moyo wote, kwa sababu nilizozitaja juu ya waya. Lakini insafu yataka tuseme pia kwamba katazo peke yake halilindi mahindi. Kanuni za kifuta jasho zilizotungwa mwaka 2011 huwaangalia wale waliopatwa na hasara ya wanyama wahesabiwao kuwa hatari, kama tembo na kiboko. Na mwenye konde lililofukuliwa na fuko hana fungu humo. Mtu asiyeachiwa njia yoyote ya halali huirudia ya haramu, na ya haramu siku hizi ni waya.

Njia zipo, nazo zapimika kwa mizani moja ya maswali matatu: mtego huu utamnasa nani, atakaa humo muda gani na katika hali gani, na mwisho wake utakuwaje? Tuutazame kwa mizani hiyo mtego wa fuko, unaotegwa katika mashamba ya viazi. Mkulima huipasua njia ya fuko chini ya ardhi, akaweka kitanzi ndani ya tundu lile, akakifunga kwenye ufito uliopindwa. Na fuko, ambaye havumilii njia yake kuwa wazi, huja kuziba kwa udongo, akakisukuma kifyatuo. Hapo asiyekusudiwa ni nadra kufika, maana mlango wa fuko hupitwa na fuko. Ufito ukiwa na nguvu za kutosha mauti huja upesi. Na mkulima, akiwa shambani mwake mwenyewe, huona ufito umesimama akaenda mara moja. Mtego huo hauchagui kwa macho, bali huchagua kwa mahali, na hilo ni fundisho kubwa: kadiri mtego ulivyo karibu na nyumba ya mkosaji na mbali na njia ya wote, ndivyo dhuluma yake inavyopungua.

Kwa panya na wanyama wadogo, tundu la kushika hai ni bora kuliko sumu, ambayo humwua panya leo na bundi kesho. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Na wa kwanza kufugwa kwa kazi hiyo walinaswa porini wakiwa wazima. Mnyama ambaye mkulima humwona kuwa ni mwizi wa nafaka ameokoa miguu ya watoto wa Msumbiji, kwa kuwa aliyemnasa alijua kumhifadhi. Lakini tundu nalo lina hatari zake. La bati likiachwa juani huwa tanuri kabla ya adhuhuri, na katika baridi ya Mawengi ya mwezi Juni mnyama mdogo hufa humo usiku mmoja. Lazima litiwe nyasi kavu za kujifunika na chakula, likae kivulini, likaguliwe mapema. Na yule anayedhani kwamba kumchukua mnyama na kumwachia katika msitu wa mbali ndiyo rehema kamili, na afikiri tena: amemtia katika nchi asiyoijua chakula chake, penye wenyeji watakaompiga, na pengine kando ya konde la mkulima mwingine.

Ama kwa ngedere na nguruwe pori, mtego si jawabu hata kidogo, na dawa ni ile ya kale iitwayo kuamia: kulijenga dungu, kukaa, kupiga makelele, kukesha kwa zamu. Najua uzito wake. Zamani kazi hiyo waliifanya watoto, na leo watoto wako shuleni, ndiko wanakostahili kuwa. Kwa hiyo kuamia hakuwezi tena kuwa jukumu la nyumba moja moja. Majirani wenye makonde yanayopakana wakilima kwa pamoja na kupanda kwa wakati mmoja, wakaweka mstari mmoja wa ulinzi upande wa msitu badala ya kila mtu kulinda pembe zake nne, kazi hupungua. Na pale nguruwe walipozidi, anayepasa kuitwa ni afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye risasi yake, ikiwa imelengwa vema, hujibu maswali yale matatu vizuri kuliko waya wowote.

Niliwahi kumzuru mzee mmoja huko Mawengi, mkulima wa viazi, nikaona chini ya upenu wake vifito vya mianzi vimefungwa pamoja na kamba zake, ilhali shambani vichuguu vya fuko vilikuwa vibichi, vya usiku uliotangulia. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamwuliza kwa nini mitego inapumzika na mwizi yuko kazini. "Kesho alfajiri nakwenda Njombe, mwanangu," akasema, "na huenda nikalala huko." Kisha akanieleza, kama mtu aelezaye jambo ambalo hakudhani lahitaji kuelezwa, kwamba jioni ile alikuwa amezunguka shamba zima akaifyatua mitego yote kwa mkono wake, akavihesabu vifito hata vikatimia, ndipo akavileta nyumbani. Fuko watakula viazi vyake siku mbili, naye alikuwa amekwisha kuihesabu hasara hiyo katika nauli.